Mbao za Jumapili

Kazi yangu ni kuuza samani za mbao ambazo si mbao. Duka letu liko mjini Eldoret, ghorofa ya chini, kioo kikubwa mbele, na ndani tuna vitanda, kabati na meza za televisheni zilizotengenezwa kwa unga wa mbao ulioshindiliwa na gundi, kisha zikabandikwa karatasi yenye picha ya mbao. Mteja akipitisha mkono juu yake na kusema, "Aki hii ni mbao safi," mimi hunyamaza kwa heshima ya mshahara wangu. Marehemu baba alifanya kazi maisha yake yote katika kiwanda cha kupasua magogo, na unga huo huo ulikuwa ukirudi naye nyumbani kwenye nywele na ndani ya mifuko. Mama alikuwa akiufagia na kuutupa. Sasa mimi nauuza kwa mpango wa lipa polepole.

Mwaka jana aliingia dukani mwanamke mmoja kutoka Nairobi. Alivaa viatu vya kukimbilia, kama kila mgeni anayekuja Eldoret, mji wa wanariadha, ingawa alikiri mapema kwamba hata ngazi humshinda. Alitaka rafu ya kuwekea vitu vya kuchezea watoto. Nikamwuliza watoto wana umri gani, maana kuna rafu ambazo mtoto akizipanda tu zinamlalia. Akacheka, akasema hana mtoto. Vitu vyenyewe ndivyo alivyokuwa akivilea.

Alitoa simu akanionyesha. Vilikuwa vipande vya mbao vya kujengea: vya mraba, vya mviringo, vya pembetatu, vyenye matundu na vijiti vya kuunganishia, vya zamani, kutoka nchi za mbali zenye theluji. Vilipangwa juu ya kitambaa cheupe kama vyombo vya Meza ya Bwana. Alikuwa akivikusanya kwa miaka, na sasa alikuwa akiandaa maonyesho Nairobi, kuonyesha kwamba hivyo vitu vya watoto ni usanifu wa kisasa, tena wa hali ya juu.

"Unaona hii?" akasema, akikuza picha ya kijiti. "Haina kazi yoyote. Ni furaha tu. Hiyo ndiyo beauty yake."

"Sisi tulikuwa nazo kwetu," nikasema, bila hata kufikiri.

Aliinua macho. Akaniuliza nani alizitengeneza, nikasema baba. Akauliza, kwa sauti ya mtu anayemfuata kuku asimshtue, "Kwani baba alikuwa designer?"

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo. Katika karatasi ya mazishi tuliandika kwamba alikuwa mfanyakazi mwenye bidii, maneno ambayo huandikiwa kila marehemu asiye na cheo. Nikamtazama yule mwanamke machoni nikasema ndiyo, alikuwa.

Hapo akanishika pabaya. Alisema kama mbao zile bado ziko, tena ziko vile vile zilivyotoka mkononi mwa baba, hazijaguswa, ataziweka katikati ya ukumbi, na ukutani atabandika jina lake. Sasa jina la baba limeandikwa mahali pachache sana: kwenye kitambulisho, kwenye kadi ya kliniki, na kwenye msalaba ambao mchwa walishaanza kuusoma. Nilitaka liandikwe ukutani kwa herufi kubwa, mahali ambapo watu husimama na glasi mkononi wakitingisha vichwa. Nililitaka jambo hilo kwa uchungu ambao sikujua ninao. Tukapanga kwenda kwa mama Jumamosi.

Mama anaishi upande wa Turbo, hatua chache kutoka barabara ya Webuye, kwenye shamba dogo ambalo mahindi yake hufika hadi dirishani. Baba alitoka Magharibi akiwa kijana kutafuta kibarua, akapata kiwanda, akapata mke, akapata shamba, kwa mpangilio huo. Kiwandani wafanyakazi waliruhusiwa kubeba mabaki ya saipresi kwa ajili ya kuni. Wenzake waliyachoma. Baba aliyakata, akayapiga randa na msasa, akayatoboa, na kidogo kidogo, kabla hata mimi sijaanza shule, tukawa na gunia zima. Hatukuziita jina lolote la maana. Zilikuwa mbao. "Leteni mbao mcheze, mniondokee jikoni."

Katikati ya wiki zilikuwa zetu, mimi na ndugu zangu wawili wa kiume. Tulijenga malori, madaraja, na kanisa ambalo lilianguka kila mara kabla ya sadaka. Lakini Jumapili baada ya ibada hazikuwa zetu. Baba alizimwaga sakafuni, mama akakaa kwenye kigoda kando yake, na sisi tukafukuzwa nje. Nilidhani anazikagua, anatafuta kijiti kilichovunjika ili atuchape. Ilinikera sana, watu wazima na akili zao kutunyang'anya vitu vya kuchezea siku ambayo hatuna shule.

Tulipokua na kuondoka, mama aliziajiri. Mama hawezi kukaa na kitu kisicho na kazi, awe mtu au uwe ubao. Pembetatu ilizuia mlango wa jikoni usipigwe na upepo. Gurudumu likawa la kuwekea sufuria ya moto. Ubao mrefu wenye matundu ulipigiliwa ukutani ukashika miiko, kijiti kikaziba mtungi wa mafuta ya taa, na kipande kimoja chenye tundu la mraba kikawekwa chini ya mguu mfupi wa meza. Nilipokuwa nikimsikiliza yule mgeni akisema haya mambo hayana kazi, ni furaha tu, niliona ni vizuri nisimweleze kila kitu kwa siku moja.

Kosa lilikuwa kumpigia mama simu.

"Mama, Jumamosi nakuja na mgeni kutoka Nairobi. Anataka kuona zile mbao za baba."

"Mgeni atoke Nairobi aje kuona mbao?"

"Zile tulikuwa tunacheza nazo."

"Zote?"

"Zote, Mama."

"Sawa. Nitazitayarisha."

Ningekuwa na akili ningelisikia hilo neno na kupanda gari siku hiyo hiyo. Kwetu kumtayarishia mgeni ni kazi ya mkono na bega. Vitambaa vya makochi vinafuliwa na kutiwa wanga mpaka vinasimama vyenyewe. Kuku anaamshwa mapema. Siku askofu alipotarajiwa kupita kijijini, kupita tu, mama alifua hata kamba ya kuanikia nguo. Kumwonyesha mgeni kitu kikuukuu ni kumwambia hadharani kwamba hukumtegemea.

Jumamosi tukafika. Mgeni alisimama uani akaisifu nyumba, na nyumba yetu husifiwa na kila mtu. Mimi na ndugu zangu tulimjengea mama miaka michache iliyopita, ya mawe, sakafu ya vigae, madirisha ya kuteleza, jiko la ndani lenye sinki mbili. Mama hupika kwenye jiko la zamani la nje, na sinki zote mbili amezijaza mbegu. Ina vyumba vitatu: cha mama, na vya ndugu zangu wanapokuja na familia zao. Mimi nikienda hulala kwenye kochi. Ni kochi zuri, nilijiuzia mwenyewe kwa bei ya mfanyakazi, na sijawahi kulalamika, kwa sababu binti ambaye hajaolewa hupangiwa chumba na mume ambaye hajulikani yuko wapi.

Tuliingia sebuleni. Harufu ilitupokea kabla ya mama.

Mbao za baba zilipangwa mezani juu ya kitambaa cheupe. Zilikuwa zimesuguliwa kwa steel wool, ile ya kusugulia sufuria, mpaka kingo zikabaki nyeupe, kisha zikapakwa rangi ya mafuta, ile ya mageti, inayong'aa mtu akajiona meno. Nyingine krimu, nyingine maruni, nyingine kijani cha kuumiza macho. Kipande kimoja tu kilikuwa bluu. Nikajua kijani kiliisha.

Mgeni alinyoosha kidole akagusa. Kidole kikarudi na kijani.

"Mama," akasema polepole, "hizi ni... mpya."

"Eh, ni mpya!" mama akafurahi. "Zilikuwa na moshi mbaya. Nilituma mtu hadi hardware ya Turbo, akarudi mara mbili. Karibu, keti, madam. Kaa kwa hiyo, hiyo haina shimo."

Sikukaa. Nilimfuata mama jikoni nikapiga meza kofi kwa hasira. Meza ikayumba, kwa kuwa kile kipande chake kilikuwa kimeitwa sebuleni.

"Mama, kwa nini umezipaka rangi?"

"Sasa wewe ungetaka nimwekee mgeni mbao ya moshi? Aende Nairobi aseme tunakaa kwa shimo?"

"Alikuwa anazitaka hivyo! Na moshi wake! Na uchafu wake!"

Mama aliweka mwiko chini, akanitazama kama mtu anayetafuta homa. "Mtu atoke Nairobi na mafuta ya gari, akuje kutafuta uchafu?" akauliza. "Hawana huko?"

Nilichokuwa nacho kichwani ni jina la baba, na nililiona likifutika ukutani kabla halijaandikwa. Nilimchukia mama kidogo, jambo ambalo si rahisi kulifanya ukiwa umeshika sahani ya kuku wake.

Tulikula. Mgeni alikuwa mtu wa adabu, na naomba asieleweke vibaya. Alikula ugali kwa mkono, akaomba kuongezewa mboga, akamsifu kuku kwa dhati. Alipomaliza kunawa, akanigeukia, akasema kwamba mambo hayajaharibika kabisa. Yuko fundi Nairobi, mtaalamu, anaweza kuitoa rangi yote kwa dawa bila kuumiza mbao. Zitarudi zilivyokuwa. Maonyesho yataendelea, na jina la baba litakuwa ukutani kama tulivyoongea.

"Chukua," nikasema. "Chukua zote leo."

Nilihisi kama nimeopolewa majini. Nikaanza kutafuta gunia.

Mama alikuwa akikusanya vyombo. Akasimama. "Wanaenda kutoa rangi?"

"Ndiyo, Mama," mgeni akasema. "Tunataka zikae original. Vile Mzee aliziacha."

"Mkitoa rangi," mama akauliza, "mtajua mlango ni gani?"

Mgeni alitabasamu, akifikiri ni mzaha wa mtu mzee. Mimi pia. Mama alifuta mikono kwa leso, akavuta kiti mezani, akaanza kujenga.

Hakusita hata mara moja. Mikono ile ambayo siku hizi hupapasa tundu la ufunguo ilichukua kipande baada ya kipande na kukipachika mahali pake, na vijiti vikaingia kwa mlio mdogo, ule mlio ambao nilikuwa nimeusahau. Krimu zikawa kuta. Kijani kilikuwa mlango na madirisha. Zile pembetatu, na ile iliyozuia mlango wa jikoni ikiwemo, zilikuwa maruni na zilipanda juu zikawa paa. Ubao mrefu wa miiko, wenye matundu, ulilala mbele ukawa veranda, na vijiti vikasimama ndani ya matundu yake vikawa nguzo. Hata gurudumu la sufuria lilikuwa na mahali. Aliliweka uani.

"Hiyo ni tangi ya maji," akasema. "Mimi nilitaka hapa, karibu na jiko. Yeye alitaka nyuma. Tulibishana Jumapili ngapi, woi! Akakubali."

Mgeni alikuwa ameacha kutabasamu. Mimi nilikuwa bado nimeshika gunia tupu.

Kumbe hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya Jumapili. Hawakuwa wakikagua chochote. Walikuwa wakijenga nyumba, wakiibomoa, wakisogeza ukuta, wakiijenga tena, na Jumatatu wakiirudisha ndani ya gunia ili sisi tutengeneze malori. Baba alizikata kwa ajili ya nyumba hiyo. Kwamba mtoto angeweza kuzichezea ilikuwa bahati nzuri tu. Nyumba yenyewe haikusimama kamwe. Kila mwaka walisema mwaka ujao, na kila mwaka ililiwa na karo zetu, chumba baada ya chumba, mpaka tukahitimu sote na baba akawa mgonjwa.

"Mama, mbona hukusema?" nikauliza. "Tulipokuwa tunakujengea hii. Mbona hukutuambia kuna nyumba mlikuwa mnataka?"

"Mliniuliza?" Hakuwa na hasira. Alikuwa akinyoosha nguzo. "Mlikuja na simu, mkanionyesha picha. Mkasema, 'Mama, si hii ni poa?' Nikasema ni poa. Si ni poa?"

Nilitazama vigae vyetu na madirisha yetu ya kuteleza. Ni poa, kweli.

Kilibaki kipande kimoja mezani, kile chenye tundu la mraba, kilichokaa miaka yote chini ya mguu wa meza ya jikoni. Ndicho kilichopakwa bluu. Mama alikipachika upande wa nyuma, kwenye kona inayotazama barabara, kikawa dirisha la chumba kidogo nilichodhani ni stoo.

"Hapa kijani kiliisha?" nikamwuliza.

"Kijani iko, imebaki nusu mkebe. Hii ni chumba yako."

Sikuelewa. Nikamwambia ndugu zangu ndio wenye vyumba.

"Wao wako hapa, na hapa," akasema, akigusa madirisha ya kijani. "Hii ni yako. Watu wa kwao walimwuliza baba yako, msichana wa nini chumba, si ataenda? Akawaambia, hata kama ataenda, lazima awe na mahali pa kurudi bila kubisha hodi. Akakuita siku moja ukiwa nje unacheza, akakuuliza unataka dirisha rangi gani. Ukasema bluu. Ukarudi kucheza."

Sikumbuki. Nimejaribu sana na sikumbuki. Nakumbuka kwamba nilikuwa na hasira ya kunyang'anywa mbao zangu, na baba alikuwa ndani amepiga magoti sakafuni, ananijengea chumba nazo. Nililia mbele ya mgeni, mbele ya mifupa ya kuku, bila aibu yoyote.

Mgeni aliniangalia, akaangalia nyumba ya mezani. "Hii story ni strong sana," akasema kwa upole. "Tunaweza kuiandika ukutani, chini ya jina lake. Lakini lazima rangi itoke. Curator, yule msimamizi wa ukumbi, hatakubali hivi."

Alikuwa sahihi kwa upande wake. Na nilijua ninachoachia. Nililiona lile jina kwa herufi kubwa, na wale watu wenye glasi. Nikalikunja gunia nikaliweka kando.

"Hazitoki," nikamwambia. "Pole sana kwa safari."

Hakukasirika. Mama alimfungia parachichi na kuku aliyebaki, akamsindikiza mpaka barabarani, akamwambia kwamba akihitaji kupakiwa rangi vile vyake vya Nairobi asione haya kuvileta. Naambiwa maonyesho yalikuwa mazuri. Katikati ya ukumbi waliweka seti kutoka nchi ya theluji, ya mtu aliyesomea.

Tuliporudi ndani, mama aliibomoa nyumba bila sherehe, kama alivyoibomoa kila Jumapili. Pembetatu ilirudi mlangoni. Ubao wa veranda ukarudi kwenye misumari yake na miiko ikaning'inia. Gurudumu likaenda chini ya sufuria, likaacha rangi kwenye sufuria. Alipokifikia kile kipande cha bluu alikipima mkononi, akaitazama meza yake inayoyumba, akanitazama mimi. Kisha akakunja kipande cha gunia la mahindi mara kadhaa, akakisukuma chini ya mguu wa meza, akanipa mkononi kile cha bluu. "Beba taratibu," akasema, "bado kinanata."

Sasa kiko dukani, juu ya meza yangu, kando ya mashine ya risiti. Ni ubao halisi pekee katika duka zima. Wateja hukiokota, hukigeuzageuza, huchungulia kwenye lile tundu, na karibu kila wiki yupo anayeuliza ni bei gani. Nami huwajibu kwamba hakiuzwi, ni chumba, tena kina mwenyewe.